Hesabu ya Moshi Si Kipimo cha Moshi

(Hotuba kwa wanachama wa Migori na Homa Bay)



Nimeombwa niseme juu ya hewa tunayoivuta, hasa gesi iitwayo nitrojeni dioksaidi. Jina ni refu, lakini gesi yenyewe twaijua. Hutoka katika injini za magari, jenereta na matanuri ya viwanda. Ikizidi huumiza mapafu, na mwenye pumu ndiye apatae taabu kwanza.

Sisi watu wa reli moshi wa dizeli si mgeni kwetu. Lakini reli haijafika Migori wala Homa Bay. Mizigo ya huku yaenda kwa malori. Barabara kuu yapita Awendo na mji wa Migori mpaka mpakani Isebania. Lori likisimama huku injini yaunguruma, avutaye moshi ni utingo, mpagazi, askari wa zamu, na mama muuza chai.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri gesi hii isizidi mikrogramu 40 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka. Mwaka 2021 likashusha mpaka 10. Kenya nayo ina sheria ya mazingira ya 1999 na ilitoa kanuni za hewa mwaka 2014. Mwenye kujenga kiwanda kikubwa hana budi kupeleka taarifa NEMA, na mara nyingi ndani yake mna hesabu ya kukadiria moshi utakaofika kwa watu. Hesabu hiyo si uongo, lakini ina mashimo yake, nanyi yawapasa kuyajua.

Kwanza, gesi yenyewe hugeuka njiani. Injini hutoa zaidi naitriki oksaidi. Hiyo ikikutana na ozoni hewani ndipo huwa nitrojeni dioksaidi. Mhesabu akisema yote imegeuka, hupata namba kubwa. Akisema kidogo tu, hupata ndogo. Dohani ni ile ile! Huko Marekani kanuni zaruhusu njia tatu. Ya kwanza huhesabu kwamba gesi yote imegeuka. Atakaye namba ndogo huleta ushahidi zaidi.

Pili, upepo. Homa Bay mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Kilima cha Asego nacho kipo. Hesabu nyingi zadhani upepo waenda moja kwa moja bila kugeuka. Upepo ukitulia, hukosea. Mtu akichukua upepo wa uwanja wa ndege wa mbali akautia katika hesabu ya Homa Bay, amehesabu mji mwingine.

Tatu, hewa iliyokuwako tangu mbele. Kiwanda huweza kuhesabu moshi wake peke yake, lakini pafu halichagui moshi wa dohani na wa lori. Wengine husema satelaiti yatosha. Ile ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2017 hupita mara moja kwa siku, baada ya adhuhuri, nayo huona gesi yote kutoka juu mpaka chini, si ile iliyo mbele ya pua. Msongamano wa asubuhi na jioni hauuoni.

Basi tufanye nini? Sheria ya usalama kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama na afya mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Kamati iulize maswali manne. Upepo huu ni wa wapi? Gesi imehesabiwa kugeuka kiasi gani? Hewa ya kwanza ilipimwa na nani? Saa mbaya kabisa ni ipi, maana wastani wa mwaka huificha?

Tena tudai kipimo. Viko vibomba vidogo vinavyonasa gesi hii bila umeme. Hutundikwa majuma mawili mpaka manne, kisha hupelekwa maabara. Havionyeshi saa mbaya, lakini huonyesha wastani wa pale pale mtu asimamapo.

Ndugu zangu, bosi akileta karatasi isemayo hewa ni safi, msiichane wala msiipigie makofi. Isomeni, mwulize, mwandike majibu. Mmoja akiuliza huambiwa ni mkorofi. Chama kikiuliza hujibiwa.