Kabla ya Kununua Nyumba ya Ghorofa, Ulizia Mbwa Wako

Hotuba kwa wakazi wa Matinyani



Hapa Matinyani mbwa hulala uani na hakuna jirani anayeuliza. Anayenunua nyumba mpya ya ghorofa Nairobi au Mlolongo hukuta mambo tofauti: lango ni moja, ngazi ni moja, na ukuta wa jirani ndio wako.

Chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila mmiliki ni mwanachama wa shirika la wamiliki wa jengo hilo, na kanuni zake humbana hata akiwa na hati mkononi. Kanuni zikikataza mbwa, hati haitamtetea.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa arubuni, ombeni kanuni hizo kwa maandishi mzisome. Ahadi ya mdomo ya mwuzaji haitoshi. Mchanjeni mbwa dhidi ya kichaa kila mwaka na mtunze kadi yake, jirani ataiulizia.

Mbwa akikataliwa, msimtupe barabarani. Asipochanjwa na akarandaranda, atakayeumwa huenda akawa mtoto anayekwenda shule. Mtafutieni kwanza boma la jamaa.