Kalazari: Dawa Inayojua Njia Mwilini

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa vijiji, Mwingi Kaskazini

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwafikishia habari. Leo nimeleta habari ya kalazari.

Ugonjwa huu si mgeni Kitui. Mlipuko mkubwa ulianza hapa mwaka wa 1952. Unaenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayejificha kwenye vichuguu vya mchwa na kuuma giza linapoingia. Usipotibiwa, huua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Kimelea chake ni kijanja. Hujificha ndani ya chembe za damu zilizowekwa kumeza vijidudu, kwenye wengu, ini na uboho wa mifupa. Dawa ya amfoterisini B inamuua, lakini ikitolewa peke yake huumiza figo. Wanasayansi waliifungia ndani ya vitone vya mafuta viitwavyo liposomu. Ukivipanga 10,000 kwa mstari, havifiki milimita moja. Mgonjwa hutundikiwa dawa kwenye mshipa, na zile chembe zinazopenda kumeza huvimeza vitone hivyo. Dawa inamkuta kimelea alipojificha, na figo zinapata nafuu kubwa. Ni kama jirani yetu wa Makueni mwenye miembe: hamwagi maji shamba zima, hupeleka tone kwenye shina.

Je, kila mgonjwa hupewa? Hapana. Hapa Kenya wengi hutibiwa kwa sindano za dawa mbili kwa siku 17. Ya liposomu hupewa hasa mama mjamzito, aliyezidiwa na anayeishi na virusi vya UKIMWI. Ni ghali, tena haitakiwi kuwekwa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, na jua la hapa mnalijua.

Sasa sikilizeni vizuri. Dawa hii inajua njia ndani ya mwili. Njia ya kutoka bomani hadi hospitali ni juu yetu sisi. Mtu akiwa na homa zaidi ya wiki mbili, akikonda, tumbo likivimba upande wa kushoto, na dawa ya malaria haijamsaidia, msimnunulie nyingine dukani. Mpelekeni hospitali, mkaulizie kipimo cha kalazari. Ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Mliotoka Makueni kuja huku kuchunga au kufanya kazi, mkirudi nyumbani na homa isiyoisha, mwambieni daktari mlikokuwa.

Laleni ndani ya neti. Watoto wasicheze vichuguuni jioni. Nanyi wahudumu, mkiingia boma lenye mgonjwa wa homa, ulizeni swali moja kwanza: imeanza lini?