Wenzetu wa Mpakani Busia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo twataka kusema nanyi juu ya Busia. Mji huu una jina moja na serikali mbili: nusu iko Kenya, nusu Uganda. Hadi 1902 pande zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ukahamishwa, watu wakabaki palepale. Ndiyo sababu Wasamia na Wateso wako huku na huko, na mtu aweza kuwa na shamba huku na shemeji ng'ambo.

Kazi za mji huu mwazijua. Akina mama huvuka na mahindi, maharagwe, ndizi na mayai. Wachukuzi hubeba magunia. Wabadili fedha hukaa kando ya njia na shilingi za aina mbili. Madereva wa malori na matanboi wao hungoja zamu. Hata neno boda boda lilizaliwa hapa katika miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakipeleka abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili.

Basi shida iko wapi? Mama mwenye gunia moja la maharagwe huliogopa lango, akapita njia ya panya. Huko hukutana na mtu anayetaka chai, naye hutoa. Faida ya siku nzima imekwisha.

Lakini tangu 2005, kwa mapatano ya ushuru wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mazao ya nchi hizi yaliondolewa ushuru huo hatua kwa hatua. Mfanyabiashara mdogo, ambaye mali yake haizidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na imo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa hati nyepesi papo hapo mpakani. Na tangu 2018 kituo cha pamoja kimefunguliwa rasmi, ili mtu akaguliwe mahali pamoja tu. Anayepita porini hulipia kitu ambacho langoni hakidaiwi.

Hatusemi lango halina taabu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa siku chache, kwa sababu ya sumu ya ukungu. Kulinda afya ni haki. Lakini mchukuzi hulipwa kwa gunia. Gunia lisipovuka, watoto hulala njaa, wala hapana aliyemwuliza.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, kila anayejua kusoma amweleze mwenzake habari za hati hii. Pili, tusitoe senti bila risiti. Tatu, wachukuzi na akina mama wa soko wafanye kundi moja, wachague wasemaji, ili amri mpya ikija wawepo wa kuulizwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja akilalamika langoni hufukuzwa. Mia wakiuliza pamoja, watajibiwa.