Kuku Akizubaa, Kisu Kisubiri

Msikilizaji, katika nyumba zetu nyingi kuku akizubaa asubuhi, saa saba mchana yumo sufuriani. Akinusurika sufuria, anafungwa miguu na kupelekwa gulioni akauzwe kabla shingo haijalegea. Hesabu yenyewe inaeleweka: akifa ni hasara, akiliwa au akiuzwa walau kitu kimepatikana. Leo nakuja kuipinga hesabu hiyo, maana imewasahau kuku waliobaki bandani, na imewasahau kuku wa jirani.

Tuanze na huyo aliyezubaa. Kuku huficha ugonjwa. Mnyonge kundini hudonolewa, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Ukimwona amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama na mabawa yameshuka wakati wenzake wanachakura, ujue ugonjwa huenda haukuanza leo. Mkamate. Usijisumbue kumpapasa kujua kama ana homa. Joto la kawaida la kuku ni kama nyuzi 41, kwa hiyo mkononi mwako kila kuku ana homa. Papasa kidari. Mfupa ukikuchoma kiganja, amekonda kwa siku nyingi, na minyoo ni wa kushukiwa. Funua manyoya chini ya bawa na karibu na mkia, utafute chawa na utitiri. Kisha tazama uso, na utazame kinyesi alichoacha.

Hapo ndipo penye habari. Kifaranga wa wiki chache anayeharisha damu, mara nyingi ana koksidiosisi, ugonjwa unaopenda banda lenye unyevunyevu, na dawa yake ipo. Uso umevimba, jicho limeziba, puani unatoka ute unaonuka: hayo ni mafua ya kuku, yanaletwa na bakteria, nayo yanatibika. Vipele na magamba kwenye upanga na kando ya macho ni ndui, ambayo mbu huisambaza. Ndui haina dawa, lakini kuku mkubwa akisafishwa macho na kusaidiwa kula na kunywa, mara nyingi hupona. Ila ukiona kinyesi cha kijani, kuku anahema kwa kukoroma, miguu imepooza, na shingo imepinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni, hapo hofu yako iwe mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Ni ugonjwa wa virusi, hauna tiba, na kundi lisilochanjwa unaweza kulimaliza lote.

Hata kabla hujajua ni ugonjwa gani, kazi ya kwanza ni ileile: mtoe kundini. Mweke kwenye boksi au chini ya tenga, mahali pakavu penye kivuli, mbali na banda. Mpe maji safi kwenye chombo chake peke yake. Anaweza kukataa chakula, lakini maji asikose. Akianza kudonoa, mpe pumba iliyolowekwa au uji mzito wa dona. Macho yaliyogandana yafute kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kila siku anza kuwahudumia wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa kwa sabuni, na usirudi bandani na ndala zilezile ulizokanyagia kinyesi chake.

Kazi ya pili ni kumtafuta afisa mifugo wa kata kabla ya kwenda dukani. Nalisema hili kwa sababu ya ile pakiti ya unga wa njano tunayoikimbilia. Dawa za kuua bakteria hazigusi virusi wa mdondo hata ukikoroga pakiti nzima kwenye ndoo. Kibaya zaidi, unalinywesha kundi zima, kipimo unakadiria kwa kijiko cha chai, na jioni mayai ya kuku haohao mnayakaanga. Dawa hiyo huweza kubaki kwenye nyama na kwenye yai, ndiyo maana pakiti huandikwa siku za kusubiri kabla ya kula. Na bakteria waliozoea dawa kidogokidogo hujifunza kuishinda, mpaka siku binadamu anapougua na kukuta dawa haifanyi kazi.

Sasa nirudi kwenye kisu. Kuku mwenye mdondo akichinjwa uani, manyoya yanapeperuka, maji ya kunyonyolea yanamwagwa nyuma ya jiko, utumbo anaburura mbwa. Kuku wa nyumba ya tatu wanakuja kudonoa. Umeokoa mboga ya siku moja na umesambaza ugonjwa mtaa mzima. Na ukimpeleka gulioni, unamfunga tenga moja na kuku wa vijiji vingine, ambao jioni watarudi makwao juu ya pikipiki pamoja na ugonjwa wako. Aliyekufa kwa ugonjwa hana cha kuokolewa: achomwe, au afukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Naomba kamba hiyo idumu wiki mbili. Kuku uliyemnunua, au uliyezawadiwa harusini, akae peke yake siku 14 kabla hujamchanganya na wenyeji.

Lakini msikilizaji, uuguzi wote huo ni wa mmojammoja. Kinachookoa kundi dhidi ya mdondo ni chanjo. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyoandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Profesa Peter Spradbrow akiwa mmoja wao, kwa kumfikiria mfugaji wa kijijini asiye na jokofu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani, ingawa bado huhitaji ubaridi na kivuli. Hapa Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Na kuitoa hakuhitaji sindano. Mlaze kuku ubavu, jicho moja litazame juu, dondosha tone moja, na umshikilie mpaka apepese na tone lipotee. Kifaranga tone moja, jogoo tone moja. Baada ya miezi mitatu mnarudia.

Ila tone hilo ni la kuku mzima. Aliyekwisha kuugua halimponyi, na kinga yenyewe huchukua kama wiki moja mpaka mbili kujengeka. Kwa hiyo anayesubiri vifo vianze kwa jirani ndipo atafute chanjo, amechelewa. Wengi wetu tunajua miezi ambayo mdondo huvuma kwetu. Chanjo itangulie miezi hiyo.

Tatizo letu kubwa liko kwenye kichupa. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku wengi kuliko alio nao mama mwenye mitetea mitano na vifaranga wake, na kikishafunguliwa hakikai. Basi mama huyo anaona ni ghali, anaacha. Wakati huohuo kuku wake wanachakura pamoja na wa kwangu na wa kwako, kwa sababu kuku wa kienyeji hana mpaka. Ugonjwa unatuchukulia kama kundi moja. Sisi tunanunua chanjo kama nyumba hamsini. Mwenyekiti wa kitongoji anayeweza kuitisha mchango wa msiba kwa saa moja, anaweza kuitisha mchango wa kichupa. Ipangwe siku, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, watoto washike kuku, mmoja aliyefundishwa adondoshe, nyumba hadi nyumba. Mwisho wa wiki hii mfuate mwenyekiti wako, mpange tarehe. Kuku wako ukimchanja peke yako, umefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine iko uani kwa jirani.