Nani Ashike Simu Jioni?

(Muziki unashuka.)

Wiki iliyopita mama mmoja alitupigia akasema: "Mwanangu, binti yangu yuko Senior Two. Kila jioni anataka simu, anasema ni ya masomo. Nimwamini?" Nilimwahidi jibu.

Mama yangu, mwamini.

Sisi tuliosoma zamani kidogo tulinakili ubaoni, tukakariri, tukaingia kwenye mtihani. Binti yako hasomi hivyo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza hapa Uganda mwaka 2020, na kundi la kwanza likafanya mtihani wa Senior Four mwaka 2024. Mwanafunzi anatakiwa kufanya miradi: achunguze jambo kijijini kwake, atafute habari, aandike alichokipata. Kazi hizo za shuleni zinabeba asilimia 20 ya matokeo yake ya mwisho. Sasa mwalimu akisema, "Katafuteni habari za mmomonyoko wa udongo," mtoto wa Mbarara anafungua kompyuta ya baba yake. Wa kwetu afungue nini? Kitabu kimoja wanakishika watano. Simu ndiyo maktaba yake.

Mnakumbuka miaka ya korona. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa wote Januari 2022. Masomo yalipita redioni, na walimu wengine walituma kwa WhatsApp. Nyumba yenye simu ilipata chochote. Ambayo haikuwa nayo, basi tena. Mnawajua wasichana wangapi waliomaliza kipindi kile wakiwa na mtoto mgongoni? Sitaji mtu, tunaishi pamoja.

Tuizungumzie hiyo simu ya nyumbani. Ni moja. Baba anatoka nayo asubuhi. Jioni inarudi betri imekwisha, inapelekwa kwa mwenye sola, inalipiwa. Ikishachajiwa, kijana wa kiume anaichukua kuangalia mpira, na dada yake yuko kwenye masufuria. Anapoishika ni saa nne usiku na MB zimekwisha. Halafu tunasema simu inawaharibu wasichana. Simu yenyewe hajaigusa!

MB nazo ni ghali, nakubali. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwenye intaneti yenyewe. Kwa familia iliyopunguziwa msaada wa chakula, hizo hela ni unga. Kwa hiyo vijana, mmoja apakue somo, wengine wachukue kwake kwa Bluetooth. Na kama shule yenu ina chumba cha kompyuta, ulizeni kama wameweka Kolibri. Ni programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti.

Sisemi simu haina sumu. Wazazi mnapigia kelele muziki na picha. Mimi naogopa kitu kingine: ule ujumbe unaoingia kwenye kundi usiku, "Canada inachukua wanafunzi wakimbizi, jaza fomu, tuma elfu hamsini ya usajili, nafasi zinaisha kesho." Kijana anauza mahindi ya mama yake, anatuma, na ile namba haipokei tena. Ujumbe huu unanasa watu kwa sababu una harufu ya ukweli. Nafasi za kusoma zipo kweli. Ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani inauchangia, upo tangu 1992. Lakini mwombaji hatoi hela ya kujiandikisha. Kuhamishiwa nchi ya tatu nako hakulipiwi, na hakuna fomu ya UNHCR inayouzwa. Anayekudai hata shilingi elfu moja, peleka ujumbe wake ofisi ya ulinzi, usiufute, na usiusambaze "kwa faida ya wengine". (Akina baba, hapo nawasema ninyi. Fomu hizi nyingi zinasambazwa na watu wazima.)

Basi mama yangu, fanya hivi. Mpe binti yako muda wa saa moja kila jioni, betri ikiwa imejaa, akae karibu nawe. Akimaliza, akuonyeshe kwenye daftari alichoandika. Hata kama hujui kusoma, mwambie akueleze kwa Kiswahili. Asiyesoma kitu hawezi kukieleza. Na saa hiyo moja masufuria aoshe kaka yake.

Najua kuna nyumba ambako redio imezimwa sasa hivi. Jirani, mwambieni awashe.

Wiki ijayo mwalimu wa sekondari atakuwa nasi studio kueleza miradi hiyo inavyosahihishwa. Maswali yaleteni mapema, hata kwenye karatasi, kabla ya Jumatano.

(Muziki unapanda.)