Kutoka Unaibu hadi Ugavana: Safari ya Bi. Fatuma Achani

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi wa Takaungu)

Mimi ni mtumishi wa umma, sikuja kumpigia debe mtu wala chama. Nimeombwa nizungumzie uongozi wa wanawake, nami nimechagua mfano wa jirani, Kwale. Watu wa Takaungu na wa Gazi ni ndugu tangu enzi za Wamazrui, kwa hivyo sisemi habari za mbali.

Kaunti zilipoanza mwaka 2013, magavana wote 47 walikuwa wanaume. Mwaka 2017 wakachaguliwa wanawake 3: Joyce Laboso wa Bomet, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga. Hakuna hata mmoja aliyetoka Pwani. Mwaka 2022 walifika 7, na mmoja wao ni Bi. Fatuma Achani, gavana wa kwanza mwanamke katika kaunti zetu 6 za Pwani.

Bi. Achani ni wakili. Mwaka 2013 Bw. Salim Mvurya alimchukua kuwa mgombea mwenza, wakashinda, na wakashinda tena 2017. Hiyo ni zaidi ya miaka 9 ya unaibu. Mnajua watu wanavyokiita kiti hicho: tairi la spea. Mimi naona tunakidharau bure. Naibu huingia katika baraza la kaunti, huona bajeti inavyopangwa na inavyokwama, na gavana akiondoka kabla ya muda, Katiba humpa yeye usukani. Kwale katika miaka hiyo ndiyo ilijulikana kwa Elimu ni Sasa, mpango wa kuwalipia wanafunzi karo. Mpango ule ulianzishwa na serikali ya Bw. Mvurya, si yake peke yake, lakini alikuwamo ndani.

Bw. Mvurya alipomaliza vipindi viwili alimuunga mkono, na hilo lilimsaidia sana, tusifiche. Lakini kura hazirithiwi. Alipambana na Profesa Hamadi Boga na Balozi Chirau Ali Mwakwere, watu wenye majina makubwa, na ilimbidi azunguke kuomba kura kama wao.

Hapa kwetu Kilifi, mwaka huohuo, Bi. Aisha Jumwa aligombea ugavana, hakushinda. Bi. Flora Mbetsa Chibule akawa naibu gavana wa kwanza mwanamke katika kaunti hii. Na kabla ya kaunti, kabla hata ya Kenya, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama mwaka 1913 kukataa amri za Waingereza. Kwa hivyo mtu akikwambia kuongoza si desturi ya mwanamke wa huku, muulize desturi hiyo ni ya lini.

Linalonisumbua ni jambo dogo zaidi. Katika vikao vya kukusanya maoni ya bajeti, kina mama huja wengi, hukaa nyuma, na huondoka bila kusema. Halafu njiani ndipo nasikia: maji hayatoki, zahanati haina dawa. Maneno ya njiani hayaingii kwenye kumbukumbu za kikao. Karani huandika yaliyosemwa ukumbini tu, na bajeti hutungwa kwa hayo.

Basi leo tugeuze. Maswali yaanze huko nyuma. Mama uliyekaa karibu na mlango, karibu.