GUNIA LA HARAMBEE NI LA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya biashara ndogo zinazotoa misaada kwa wenyeji, na ndani ya kundi la kazi ni nani mwenye sauti ya kusema kitolewe nini. Sisi ni watu wa reli, na reli haikufika Migori. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi lake likaenda Butere, si kusini. Hata hivyo tumechukua mfano wa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, maana hapo jambo linaonekana wazi. Shimo moja lina watu kumi, au kumi na watano, na wote wanajuana kwa majina.

Wasiofika huko wajue kazi ilivyo. Mwenye shamba ana fungu lake kwa kuwa ardhi ni yake. Mwenye shimo ana fungu lake, kwa kuwa ndiye aliyenunua kamba, mbao, pampu ya maji na chakula kabla jiwe lenye dhahabu halijaonekana. Wachimbaji hugawana magunia yanayobaki. Kisha yuko mwenye mashine ya kusaga mawe, na nyuma yao wote wako akina mama wanaoponda, wanaoosha, na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Wengi wao hulipwa kwa siku au kwa karai, wala hawana fungu katika gunia.

Ikija harambee ya shule, mwenye shimo hupelekewa kadi. Ni heshima, nasi hatusemi asipelekewe. Huwaita watu wake kwenye mdomo wa shimo akasema: "Safari hii tumetoa gunia moja kwa ajili ya madarasa." Lisikieni neno hilo, tumetoa. Nani atasema hapana? Mchimbaji akikataa, kesho kamba ya kushukia itashikwa na mwingine. Mama wa karai hakuulizwa kabisa, kwa kuwa katika hesabu hayumo. Lakini gunia likiondoka, kazi yake ya siku imepungua. Siku ya harambee husomwa jina moja tu.

Kuna watakaotuuliza, "Lakini madarasa si yamejengwa?" Naam, yamejengwa, na watoto wa wachimbaji hao hao wanasoma humo. Kwa hiyo jambo hili si jepesi. Lakini gunia lile lile lingenunua mbao za kuzuia ukuta wa shimo, na walioko chini ndio wanaojua ukuta upi umeanza kudondosha mchanga. Lingenunua pia chombo cha kufunika moshi wa zebaki inapochomwa, nao wanaouvuta moshi huo ndio wanaojua jinsi kichwa kinavyouma usiku. Huko Abimbo, Siaya, shimo liliporomoka Desemba 2021, na mwili wa mchimbaji mmoja haukutolewa mpaka mwaka 2022. Msiba kama huo ukitokea, fedha za jeneza huchangwa upesi sana. Za mbao hatujaona kadi yake.

Sheria tunayo. Ile ya usalama kazini ya 2007 inataka halmashauri ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Basi hesabuni wenyewe: shimo la watu 15 halimo. Sheria ya Madini ya 2016 inawapa wenyeji asilimia 10 ya mrabaha unaolipwa serikalini, nalo ni jambo jema, ila halisemi watu waketi vipi kwenye mdomo wa shimo. Hapo imebaki desturi, na desturi hutengenezwa na watu.

Kwetu kwenye njia, mtu wa mwisho kabisa katika genge akiona hatari huinua bendera nyekundu, na dereva husimamisha gari moshi bila kumwuliza cheo chake. Kitu cha namna hiyo chafaa Masara. Kadi ikija, watu waketi kabla haijajibiwa, na mmoja wa akina mama wa karai awepo aseme. Mbao zihesabiwe kwanza. Kisha, kikitolewa kitu, kisomwe kwa jina la shimo, si la bwana mmoja.

Wenye mashimo watalalamika kwamba wao ndio waliokula hasara miezi yote ile ambayo hakikupatikana kitu. Ni kweli, na ndiyo sababu wana fungu lao. Mwenye shimo akitoa katika fungu hilo, apigiwe makofi hata mara mbili, wala haimpasi kumwuliza mtu. Akitoa katika magunia kabla ya mgawo, ametoa cha watu kumi na watano.

Wanachama wenye ndugu Masara, Osiri au Macalder, mtakapokwenda nyumbani mwisho wa mwezi tunawaomba muulize jambo moja: kadi ya mwisho ilikatwa kabla ya mgawo au baada yake? Waulizeni akina mama pia, na muwaulize wakiwa peke yao. Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.